Mashela ya ‘kafa Ulaya’ yalivyowapeleka altareni mabibi wa Kitahana

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umeukalia mji wa Kasulu. Sokoni, upande wa mitumba, mtu husikia sauti kabla hajaona watu. Kisu kinakata mkanda wa belo, mkanda unafyatuka, na nguo zilizobanwa miezi mingi zinaanza kuvimba zenyewe juu ya turubai.

Wanawake waliolizunguka belo wanazirukia. Blauzi zinapaa, sketi zinavutwa huku na huku, kila mmoja anajitupia zake begani kabla mwenzake hajazitia jicho. Kudra Khamisi hajanyanyua kitu. Amepiga goti pembeni, amepenyeza mkono chini ya rundo mpaka kwenye kiwiko, anapapasa kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku.

“Nguo ninayoitaka haikai juu,” anasema bila kugeuka. “Ni nzito, inazama. Na satini ya zamani ukiigusa ina baridi.”

Mkono unasimama. Anavuta polepole. Kwanza inatoka lesi, halafu mkono mrefu wa gauni wenye vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa, halafu gauni zima, limekunjamana na limepata rangi ya chai ya maziwa. Ni shela, gauni la harusi, la miaka ambayo wengi wa waliosimama hapo walikuwa hawajazaliwa.

Mama mmoja anamtania kwamba leo kaopoa mchumba. Kudra anacheka naye, lakini macho yako kazini. Anakagua makwapa, anakagua mshono wa mgongoni, analinusa, kisha analikunja na kulikumbatia. Belo bado halijafika nusu. Yeye ameshamaliza manunuzi yake ya siku.

Maharusi wa vijijini kutoka Munanila, mpakani na Burundi, hadi Kibondo wanamfahamu mwanamke huyu. Wengi wamefunga ndoa ndani ya nguo zilizopita mikononi mwake. Lakini miaka mitatu iliyopita, katika soko hili hili, nguo hizo nusura zimrudishe nyumbani mikono mitupu.

Kudra (43) amezaliwa na kukulia Kasulu. Baba yake alitokea Ujiji, akapanda milimani na biashara ya chumvi, akaoa na asirudi tena ziwani. Kudra mwenyewe aliolewa na Omary, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza la duka moja karibu na stendi, na kwa miaka mingi alizunguka na nguo za watoto kwenye magulio, akizitandika chini asubuhi na kuzifunga tena jioni.

Mwaka 2012 alichoka kuzunguka. Akachukua mtaji wake wote, shilingi laki tatu na nusu, akashuka Kigoma mjini kununua belo moja lililoandikwa kwamba ni la magauni ya sherehe. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Alishaona kichwani wasichana wa Kasulu wakigombea magauni ya Idi na Krismasi.

Alilikatia mkanda hadharani, kama ilivyo desturi, ili wateja waone halijachaguliwa. Likavimba jeupe. Akavuta gauni la kwanza, shela. La pili, shela. Alichimba mpaka chini ya turubai na hakukuta kitu kingine. Yote yalikuwa ya zamani, yenye shingo ndefu mpaka kidevuni na mikono inayofunika mpaka viganja, na mengi yalikuwa yamegeuka rangi. Pamoja nayo yalikuwemo mafurushi ya veli, glovu nyeupe za lesi, shanga za lulu za bandia na pini za kifuani zilizong’oka mawe.

“Watu waliangua kicheko,” anakumbuka. “Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Nikaenda kulilia nyumbani.”

Wakati huo bibi harusi wa mjini alitaka shela la mabega wazi. Hilo lingeweza kuvumilika. Kilichomwumiza Kudra ni jina lililozaliwa siku ile ile. Wazee wa huku waliita mitumba “kafa Ulaya”, kwa kuamini kwamba mwenye nguo lazima awe ameshafariki ndipo nguo ikaja. Kwa shati au suruali hakuna anayejali tena. Shela ni kitu kingine. Mashela ya Kudra yakaitwa mashela ya marehemu, na ikasemekana kwamba atakayevaa moja ndoa yake itafuata mkondo wa mwenye nguo.

Shadia, mpambaji wa maharusi mwenye duka mjini Kasulu, hafichi kwamba naye alilisambaza jina hilo. “Alikuja kunionyesha, nikamshauri auze kama mapazia,” anasema. “Sikuwa na ubaya. Niliona kweli hayafai.”

Omary naye alifikiri hivyo hivyo. Alichukua mkasi, akakata shela moja, akashona magauni mawili ya watoto wa komunyo ya kwanza. Yakanunuliwa. Alipolitandika la pili mezani, mkewe aliweka kiganja juu ya kitambaa.

“Baba Saady, subiri,” alimwambia. “Geuza ndani uangalie.”

Omary aligeuza. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, akapitisha kidole kwenye pindo. Mshono wa ndani ulikuwa mzuri kuliko wa nje, wa mkono mtupu, sindano baada ya sindano. Akaurudisha mkasi kwenye mtoto wa meza. Kudra anasema kesho yake mumewe alirudi na uzi mweupe wa hariri aliouagiza kwa gharama yake.

Kuyaokoa mashela hayo kulimfunza kwa viboko. La kwanza alilitia dawa ya madoa, na lesi ikayeyuka majini kama ganda la kitunguu. Baadaye akagundua dawa yake mwenyewe: sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, maji ya vuguvugu, ndimu, kisha kulitandaza juu ya majani mabichi jua likiwa kali. “Jua na majani vinafanya kazi ambayo hakuna chupa inayoifanya,” anasema. Kwa mwaka mzima majirani waliuona uwanja wake umelalwa na maharusi wasio na vichwa.

Mteja wa kwanza alitoka Munanila. Alikuwa binti wa mkulima wa kahawa, na baba huyo alikataa katakata kumwona mwanawe mabega wazi mbele ya wakwe. Akafuata mwingine wa huko huko, akafuata wa Manyovu. Mjini hakuna aliyemgusa. Kudra akawa anauza nguo za watoto asubuhi na kukodisha mashela mawili matatu kwa msimu, akijiambia kwamba huenda hapo ndipo mwisho wake.

Katikati ya mwaka 2014 mwanamume mmoja mrefu, mpole, aliyevaa koti lililokuwa kubwa kuliko yeye, alisimama mbele ya meza yake akiangalia glovu. Aliitwa Tharsisi, katekista wa kigango kimoja cha Kitahana, wilayani Kibondo. Alikuwa na jozi kumi na saba za watu wazima waliokuwa wanajiandaa kubariki ndoa kwa pamoja, wengi wao wakiwa wameishi pamoja tangu ujana. Baadhi walikuwa Waha wenyeji. Wengine walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakalima, wakazaa, wakazika hapa hapa, na ndoa yao haikuwahi kupata wasaa wa kuingia kanisani.

Akina mama hao walikuwa wamekubaliana kitu kimoja, kwamba wataingia wakiwa wamevaa nyeupe. Walikwenda mjini kuuliza mashela, wakakuta yote ni ya mabega wazi, na paroko alishasema bega tupu halitasogea altareni. Isitoshe, bibi mmoja wa miaka sitini alishajitazama kwenye kioo cha dukani akiwa ndani ya gauni la msichana, akavua na kutoka bila kuaga.

“Nilimuuliza tu kama analo moja la mikono,” anasema Tharsisi. “Akaniambia nikae. Akatoa sanduku.”

Kudra alikuwa na kumi na moja. Aliahidi kumi na saba. Anakiri kwamba mdomo ulitangulia akili.

Alipoyapeleka Kitahana wayapime, jina lilikuwa limeshamtangulia. Akina mama walikaa kwenye mabenchi ya darasa la katekesi wakiyatazama mashela yaliyotandikwa kwenye madawati, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja aliuliza, kwa adabu, kama ni kweli wenyewe wamekufa. Kudra alijibu ukweli, kwamba hajui. Huenda wengine wamekufa, wengine wamezeeka, wengine wameachana. Darasa likazidi kupoa. Alianza kuyakunja.

Ndipo aliponyanyuka Esteri, bibi mnene wa miaka sitini na mbili, mgongo umeinama kwa jembe, mke wa mkulima Kipriani Ndayikunda. Alivuka nchi akiwa msichana, ameshika mkono wa Kipriani, na mpaka siku hiyo ndoa yao ilikuwa mkono huo tu.

“Mimi nimezika watoto wawili na nimeacha nchi moja,” alisema. “Gauni litanitisha nini? Nipimeni.”

Akavua kanga yake ya mabegani akaikunja. Shela alilolichagua lilimfikia tumboni na kukataa kwenda mbele. Wenzake wakaanza kucheka, Esteri akacheka kuliko wote, na kicheko hicho ndicho kilichovunja baridi. Kabla ya adhuhuri mashela yote kumi na moja yalikuwa yameshikwa, na mawili yalikuwa yanagombewa.

Kilichobaki kilikuwa juu ya Kudra na Omary. Omary aliacha kazi nyingine zote. Alifungua mishono ya mgongoni, akaongeza vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye lile shela alilolikata zamani, akatengeneza nafasi kwa migongo iliyoinama na matiti yaliyonyonyesha watoto saba. Kudra alishika barabara. Gulio la Munanila, soko la Kibondo, meza za Kasulu, kisha arudie tena. Alipekua viroba vya nguo za mafuta, zile zinazouzwa gereji kufutia mikono. Alipata shela moja likiwa chini ya mtoto mchanga, limekunjwa kama godoro. Alibadilishana na mama wa mtoto kwa blanketi zuri.

Yakafika kumi na sita. La kumi na saba, la Esteri, ndilo lililokosekana, kwa kuwa lilihitajika pana kuliko yote.

Alilikuta Kibondo, na hakuwa analitafuta. Aliingia kwenye mgahawa wa Evaristi kunywa chai, akapita chini ya pazia la mlango wa jikoni, na pazia likamgusa shavuni. Lilikuwa na baridi. Akarudi nyuma akaliangalia. Lilikuwa zito, jeupe lililofifia, limetobolewa na kupitishwa kamba upande wa chini na limening’inizwa miguu juu kichwa chini, mikono yake imefungwa fundo ili isiwasumbue wahudumu.

“Aliniambia anataka kununua pazia langu,” anasimulia Evaristi, akicheka mpaka leo. “Nikamwambia dada, hilo limeloa moshi wa maharage miaka miwili. Akasema ndilo hilo hilo. Nikaona huyu chai yangu imemdhuru.”

Kesho yake Kudra alirudi na mapazia mawili mapya yenye maua. Alitoka na shela. Lilifuliwa mara nne kabla harufu ya jikoni haijalegea, na lilipolala juu ya majani siku tatu za jua, lilifunguka rangi ya maziwa ya kukamua. Omary hakuhitaji kuongeza hata kipande. Yeyote aliyelivaa mwanzo alikuwa mwanamke wa kujaa, kama Esteri.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mwishoni mwa Oktoba, mvua ya kwanza iliuvamia mlima. Asubuhi barabara ya kwenda kigangoni ilikuwa tope jekundu tupu, lile tope la Kibondo ambalo likishika kitambaa halitoki mpaka kitambaa kichakae. Kudra aliyaona mashela kumi na saba meupe ndani ya masanduku yake, akaona na ile barabara.

Akaamua hakuna bibi harusi atakayevalia nyumbani. Ujumbe ukapita mlimani kwa simu na kwa miguu. Akina mama wote wakaja na kanga zao za kazi na mabuti ya shambani, wengine peku. Darasani wakaoshwa miguu kwenye mabeseni, wakakaushwa, wakavishwa mmoja mmoja. Glovu zilificha mikono ya jembe. Pini zilizong’oka mawe Omary alikuwa amezijaza vifungo vya kitambaa. Wenye shingo fupi walipata shanga, wenye mvi walipata veli. Kisha mikeka ikatandikwa kutoka mlango wa darasa mpaka mlango wa kanisa.

Kudra ni Mwislamu. Alipanga kubaki nje, chini ya upenu, na sindano yake tayari kwa mshono utakaofyatuka. Lakini maandamano yalipofika mlangoni yalisimama. Tharsisi akatoka kumwambia kwamba mabibi wamegoma kuingia. Esteri alikuwa amewaeleza kwamba mwenye kushika mkia wa shela lake ni Kudra, si mwingine.

“Nikavua viatu mlangoni,” anasema Kudra, akijicheka. “Mazoea ya msikitini. Watu wakanishangaa. Lakini vilikuwa vimejaa tope, kwa hiyo ikaonekana ni busara.”

Akaingia peku, na ushungi wake wa kijani, nyuma ya mkia wa satini. Waume walikuwa wamepangwa mbele wakisubiri, wazee wengi wao ndani ya makoti ya kuazima. Vigelegele vilianzia benchi za nyuma, vikaja mbele kama mvua inayokimbilia bati. Mabibi wale, ambao kila siku hupita na mizigo kichwani wakiangalia chini wasijikwae, waliingia shingo juu.

Kipriani (66) alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mwandishi alipomkuta shambani kwake Kitahana na kumwuliza aliona nini siku hiyo, alichomeka jembe ardhini kabla ya kujibu.

“Niliona mwanamke mzuri anakuja,” alisema. “Nikamtafuta Esteri nyuma yake.”

Mkewe, aliyekuwa akipembua maharage karibu hapo, alisema kwamba mzee alimkodolea macho mpaka padri akalazimika kumwuliza swali mara mbili. Alipojibu, alijibu kwa Kirundi, akasahau kwamba misa ilikuwa ya Kiswahili. Hakuna aliyemsahihisha.

Walipotoka, jua lilikuwa limechomoza na mikeka ilikuwa bado myeupe. Hakuna shela hata moja lililorudi na tope. Na mpaka leo, mwaka umepita, jozi zote kumi na saba zipo. Jina la mashela ya marehemu lilizikwa Kitahana siku hiyo hiyo. Wasichana wa vijijini waliowaona bibi zao wamependeza walianza kusema wanataka shela “la bibi”, wakimaanisha la mikono na lesi shingoni. Kufika Pasaka iliyofuata, mtindo ulikuwa umepanda gari na kuingia mjini Kasulu.

Siku hizi Kudra ana chumba chake cha duka, na sanduku la kioo la shanga, glovu na mikoba midogo ya mkononi. Shela hukodishwa kwa shilingi elfu thelathini, na msimu ukichanganya hupata wateja kumi kwa mwezi. Omary amehamishia cherehani yake humo. Hata Shadia huja, mara nyingine mara mbili kwa wiki, akiwaleta wateja wanaokataa mabega wazi.

“Nilimcheka, sasa namletea watu,” anasema Shadia. “Nami napata changu kwenye kupamba. Akinicheka yeye ni haki yake, lakini hacheki.”

Shela lililotoka kwenye belo asubuhi hii liko tayari kando ya beseni la maji. Kudra anakwangua sabuni kwa kisu huku akieleza linakokwenda, na sauti yake inateremka kidogo.

Mwezi uliopita kambi ya Nduta, huko Kibondo, ilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi wanaokimbia machafuko ya kwao. Tharsisi, anayekwenda huko kusali na watu, alimletea habari za kijana aitwaye Ndayiragije na mchumba wake. Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani kwao Burundi. Walikimbia kabla ya siku kufika, yeye na suti yake, binti bila shela, kwa sababu lilikuwa bado kwa fundi. Wapo wengine kama wao. Tharsisi amehesabu jozi sita, na huenda baada ya Noeli wakafungishwa pamoja.

Kudra hakumwuliza bei. Ameshachagua mashela matano, na hili ni la sita. Omary anamalizia kuyashonea vifungo, na rafiki yao mwenye gari la mizigo amekubali kuyabeba yakiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mvua inyeshe isinyeshe.

“Mtu hukimbia akaacha godoro, akaacha sufuria, avipate mbele ya safari,” anasema, akilizamisha shela taratibu mpaka maji yanalifunika. “Lakini siku yake ya harusi, hapana. Hiyo tutampelekea.”

Analigeuza mara moja kwenye beseni, anatazama juu. Mawingu yameanza kuachana upande wa mashariki. Anaita Omary amsaidie kulibeba nje, walitandaze juu ya majani lipate jua la kwanza.